Hodi Tatu kwenye Mlango wa Ishirini na Mbili

Mlango ninaotaka kuwasimulia hauna bawaba wala komeo, na huwezi kuupaka rangi sikukuu inapokaribia. Hata hivyo nimeulinda kwa makini kuliko mlango wa nyumba yangu hapa Mafiga, ambao, mke wangu ni shahidi, nausahau wazi mpaka kuku wa jirani wanaingia kutazama taarifa ya habari.

Zuhura, binti aliyerithi kiti changu, ndiye aliyenisukuma niwaandikie ninyi mnaoanza kazi hii. "Mzee Shabani," aliniambia, "waandikie yale ambayo hayamo kwenye mafunzo." Nikamjibu kwamba yasiyomo ni mengi, karatasi zote za Morogoro zikiletwa hapa zitaisha kabla sijafika katikati. Akasema, basi andika machache. Haya ndiyo hayo machache. Mengine nimeyatia chumvi, kama kawaida yangu. Nikifika mahali ambapo sikutia, nitawaambia.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Umoja wetu ni wa wakulima wa mboga wa milimani. Mkulima aliye juu kule Uluguru anatuma kwa simu: nina karoti, nina njegere, zitashuka kesho. Mnunuzi wa mjini, au wa Dumila pale malori yanaposimama, anaona na kuagiza, na lori linapangiwa safari. Katikati yao ipo kompyuta moja inayopokea na kupanga. Hiyo kompyuta ikilala, au akiingia mtu mwenye nia mbaya akaivuruga, mama aliyetoka nyumbani alfajiri na tenga kichwani anafika barabarani na hakuna lori. Kabichi haisubiri mtu aombe radhi. Kwa hiyo mkisikia naongea habari za milango na anwani na sheria, msione kompyuta peke yake. Mwoneni huyo mama kando ya barabara.

Mimi nilianza pale Umoja nikiwa mlinzi wa geti. Geti la kweli, la chuma, lililokuwa likilia kila linapofunguliwa kiasi kwamba Kilakala yote ilijua mkurugenzi amefika. Jioni nilisoma masomo ya watu wazima. Cheti changu cha kidato cha nne nilikipata nikiwa na mvi za kutosha kujaza mto wa kulalia, na darasani wenzangu waliniita baba, mmoja wao kwa haki kabisa kwa sababu alikuwa mwanangu wa pili. Baadaye nikajiunga na masomo ya kompyuta, ya jioni vilevile. Ndipo Mzee Gaspari akaniona nikiwa na kitabu getini, akasema, "Wewe, hebu njoo ndani. Lango langu halina mlinzi."

Mzee Gaspari ndiye aliyekuwa fundi mkuu wa kompyuta za Umoja. Alikuwa Mluguru wa juu kabisa, kijiji chao kiko kupita misheni, mahali ambapo ukungu unakaa mezani na kunywa chai nanyi. Mkatoliki wa kengele ya asubuhi. Mtu wa maneno machache, na hayo machache aliyavuta mwishoni kama watu wa kwao wanavyovuta. Mimi ni Mluguru pia, lakini wa mjini, Mwislamu, nimezaliwa bondeni na miguu yangu haijui mlima. Aliniita Mluguru wa lami. Nami nikamwita Mluguru wa ukungu. Tulitaniana hivyo miaka yote, na hatukuwahi kukosana hata siku moja, isipokuwa siku aliyosema futari yangu ina sukari kama shamba la miwa.

Somo lake la kwanza halikugusa kompyuta.

"Pale getini, uliruhusu nani?"

"Wafanyakazi, mzee. Na wageni walioandikwa."

"Na asiyeandikwa?"

"Anabaki nje."

"Nani alikuambia huyu abaki nje? Uliletewa jina lake?"

"Hapana. Asiyetajwa haingii."

"Basi umeshamaliza nusu ya kazi," akasema. "Watu wengi huku wanaanza kwa kuwataja wezi. Wezi hutawamaliza kuwataja. Taja wenyeji, halafu nyamaza."

Hiyo ndiyo nusu ya kazi mpaka leo, wanangu. Mambo yote mengine yamebadilika. Nilipoanza, kompyuta ile ilikaa chini ya meza ya Mzee Gaspari, ikipepewa na feni, jirani yake ndoo ya kufanyia usafi. Ulinzi wake ulikuwa kufuli na Mzee Gaspari mwenyewe. Baadaye Umoja ukaamua kukodi kompyuta ya mbali, ile ya mawinguni, ambayo haishikiki wala huioni. Nilipoambiwa data zetu zinapanda wingu, nilitoka nje nikatazama milima. Mawingu ya Uluguru nayajua, yanaweza kunyesha wiki nzima bila kupumua. Nikamwuliza Mzee Gaspari kama karoti zetu hazitalowa. Alicheka siku hiyo, na kwake kucheka kulikuwa kuinua nyusi moja.

Kompyuta ya mawinguni haina ukuta ila ule unaouandika. Unaandika sheria, mstari kwa mstari: anayetoka anwani hii, aingie mlango huu, anayetoka kule, asiingie. Kila huduma ina mlango wake wenye namba. Mlango ambao wakulima na wanunuzi wanapitia kutuma na kuagiza ni wa mia nne arobaini na tatu, na huo lazima uwe wazi kwa wote, kwa sababu mkulima hujui atatuma akiwa wapi. Mlango wa ishirini na mbili ni wa mafundi. Anayeupita huo anashika kompyuta yote, anaweza kuipanga au kuifuta. Huo ndio mlango wa hadithi yangu. Ulikuwa wazi kwa anwani mbili tu za mtandao: ya ofisi, na ya nyumba aliyopanga Mzee Gaspari mjini, ili kukitokea jambo siku ya mapumziko asilazimike kuvaa viatu.

Sasa sikilizeni kosa langu la kwanza, mcheke kidogo kabla hatujafika kubaya. Sheria zile zinasomwa kuanzia juu. Kila mstari una namba, na namba ndogo inasomwa kwanza. Pakipatikana mstari unaomhusu aliyekuja, kusoma kunaishia hapo. Mimi, kwa ari ya mwanafunzi mpya, niliandika mstari wa kukataa wote, nikaupa namba ndogo kuliko yote ili uonekane mkubwa. Nikajisifu. Nikaenda kunywa soda.

Niliporudi, simu zilikuwa zinalia kama misiba kumi. Wakulima wamekataliwa, wanunuzi wamekataliwa, Dumila nzima imekataliwa. Dereva mmoja wa lori alinitukana kwa lugha ambazo sijui hata kama zina makabila. Mzee Gaspari alitazama skrini, akasogeza ule mstari mpaka chini ya yote, simu zikanyamaza.

"Mluguru wa lami," akasema, "umemweka mlinzi wa kukataa mbele ya mlinzi wa kuruhusu. Yule wa pili alikuwa anapiga miayo siku nzima, hakuna aliyemfikia."

Hakunikaripia zaidi ya hapo. Ila tangu siku hiyo, kila nikibadilisha sheria, alinituma nje barabarani nikajaribu kwa simu yangu, si kwa kompyuta ya ofisi. Fundi anayejaribu mlango akiwa ndani ya nyumba, alikuwa akisema, anajifunza tu kwamba yeye yumo ndani. Nilisimama pale barabarani mara nyingi hadi muuza mahindi akadhani nina deni lake naogopa kulipa.

Na mkurugenzi wetu wa zamani, Mungu ampe maisha marefu huko aliko. Mtu mwema, lakini aliamini kwamba sheria za kompyuta ni kama foleni ya benki, mkubwa anaruka. Alikwenda Dodoma kwenye mkutano, akapiga simu kutoka hotelini anataka kuingia moja kwa moja kwenye hifadhi ya kumbukumbu zetu, pale majina na mizigo ya wakulima wote inapokaa.

"Gaspari, fungua tu kwa wote. Mara moja. Nikimaliza utafunga."

"Mkurugenzi, shikamoo. Nitajie anwani ya mtandao wa hoteli."

"Mimi nitaijulia wapi? Fungua kwa wote!"

"Muulize kijana wa mapokezi. Nasubiri."

Alisubiri kweli, simu sikioni, akimenya chungwa kwa mkono mmoja. Anwani ikaja. Akafungua kwa hiyo hoteli peke yake, na mkurugenzi alipomaliza akafunga palepale, kabla ya kumaliza chungwa. Akanigeukia. "Umewahi kuona kitu cha mara moja kikaisha chenyewe?" Sikuwahi, na mpaka leo sijaona. Milango iliyofunguliwa kwa wote, mara moja tu, ndiyo iliyojaza wezi kwenye kompyuta za dunia hii, nami nawaapia kwamba angalau nusu yake ilifunguliwa na watu waliokuwa na haraka ya chakula cha mchana.

Sasa nifike kwenye kunyamaza. Hapa nawaomba msome polepole.

Ukuta wa namna hii haumjibu anayekataliwa. Haumwambii ondoka, haumwambii hujaandikwa. Anagonga, na kwake inakuwa kama amegonga hewa. Anangoja mpaka kompyuta yake inachoka kungoja. Mimi jambo hilo lilinisumbua tangu siku ya kwanza. Sisi tumelelewa kwamba mtu akibisha hodi, anajibiwa. Hata kama humtaki, hata kama umevaa taulo, unasema subiri. Chuoni, mwalimu wetu wa Kurani alitufundisha: piga hodi tatu, usipoitikiwa, geuza, nenda zako, usichungulie dirishani. Nikamweleza Mzee Gaspari. Akasema kwao mlimani ni hivyohivyo, hata kwa asiyejua msikiti wala kanisa: hodi tatu, halafu unarudi na njia yako, na wala hukasiriki.

"Sasa huu ukuta mbona hauna adabu?" nikamwuliza.

"Mwizi ukimjibu hapana, umemwambia nyumba ina mtu. Ukinyamaza, hajui hata kama kuna nyumba." Akafikiri kidogo. "Adabu yake ni kwa waliomo ndani."

Nikalishika hilo. Nililishika sana.

Siku Mzee Gaspari alipostaafu, tulikunywa soda, mkurugenzi akatoa hotuba iliyotuzeesha sote, naye mzee akapewa godoro. Watu walipotawanyika alikuja mezani kwangu, akavuta kiti.

"Fungua zile sheria. Futa anwani ya nyumbani kwangu."

Mkono wangu ukawa mzito. "Mzee, tuiache. Wewe ndiye uliyejenga."

"Futa."

"Hata wiki moja? Pengine nitakwama nikuhitaji."

"Ukikwama utanipigia simu, nitakuambia, utafanya mwenyewe. Shabani, unalinda mlango au unaulinda uso wangu?"

Nikafuta. Akatazama mstari ukipotea, akasema, "Sasa hivi mimi ni mtu wa barabarani." Alisema kama mtu aliyetua mzigo. Akachukua mwavuli wake, na keshoye akapanda kwao mlimani na Mama Tekla, mkewe, na godoro.

Tulipigiana simu. Idd alinipigia yeye, Krismasi nilimpigia mimi. Magoti yake hayakupenda tena kushuka, na miguu yangu, kama nilivyosema, haikujua kupanda. Alinieleza habari za njegere na ukungu. Nikimwuliza kama ameikumbuka kazi, alikuwa anasema, "Kazi ipo na wenyewe."

Wakati huo Zuhura alikuwa ameajiriwa, mgeni kabisa, bado anaogopa kugusa kitufe. Nilimfundisha kutazama ile orodha ya waliokataliwa. Tazameni hiyo orodha, wanangu, ni kama kukaa barazani. Kompyuta za wezi hugonga saa zote kutoka kila pembe ya dunia, mlango huu na ule na ule, kama mvua ya mawe kwenye bati. Hazichoki na hazina lengo. Tukachuja, tukabakiza wanaogonga kutoka nchini kwetu, kwa sababu mwizi wa karibu ndiye anayejua thamani ya karoti zako. Ndipo tukamwona mmoja wa ajabu.

Alikuja kila asubuhi, saa za chai. Alitoka kwenye anwani za kampuni ya simu, zile zinazobadilika kila siku na zinatumiwa na nusu ya nchi, kwa hiyo huwezi kujua ni nani. Hakujaribu milango mingine. Alikwenda moja kwa moja kwenye mlango wa ishirini na mbili. Ukiondoa yale marudio ambayo kompyuta hurudia yenyewe, aligonga mara tatu. Halafu akaondoka mpaka kesho yake.

Nilimpa jina, Mwizi Mvivu. Akawa kichekesho cha ofisi.

"Mzee, mwizi wako leo kaja?" Zuhura alikuwa anauliza akitundika mkoba.

"Kaja, kagonga, kaenda zake. Nadhani ana shamba la kupalilia."

"Lakini mzee, mwizi gani anabisha kama mgeni?"

Nilicheka mpaka nikashika meza. Nikamwambia wezi nao wana wazazi, pengine huyu kalelewa vizuri. Nilijiona mwerevu. Nilikuwa na vidole vya kuhesabu na masikio mawili, na mwalimu wa Kurani aliyenichapa juu ya jambo hilohilo, na Mzee Gaspari aliyenieleza desturi za kwao kwa mdomo wake. Na bado niliona mwizi mvivu. Macho yangu yalikuwa yamezoea kutafuta wezi.

Masika moja, mvua ilinyesha hadi vyura wakaomba miamvuli, na Mwizi Mvivu akaacha kuja. Siku ya kwanza nikasema amelala. Siku iliyofuata hakuja, na iliyofuata pia. Wiki ilipokatika nikatangaza ushindi. Nilinunua maandazi kwa ofisi nzima, nikasimama kama mkurugenzi, nikasema, "Mabibi na mabwana, ukuta umeshinda. Amekata tamaa." Wakapiga makofi. Zuhura alikula andazi lake polepole, akauliza tu, "Au anaumwa?" Tukacheka tena.

Hapa ndipo nilipowaahidi. Kuanzia hapa sitii chumvi.

Maandazi hayajapoa vizuri tumboni, nikapigiwa simu na mpwa wa Mzee Gaspari. Mjomba ametutoka. Nikapanda mlima siku hiyohiyo, kwa pikipiki mpaka inapokomea, kisha kwa miguu kwenye tope, na sikukumbuka kulalamika. Tulimzika upande wa juu wa nyumba yake, mapadre wakaomba yao, nami nikaomba yangu kimoyomoyo. Watu walipopungua, Mama Tekla aliniita ndani nikae karibu na moto. Kwenye meza ya dirishani palikuwa na ile kompyuta ndogo ya mzee, imefunikwa kitambaa cha mezani, na modemu imefungwa kwa uzi kwenye nondo ya dirisha, mahali mtandao unaposhika.

"Shabani," akasema, "mwenzio alikuwa anawagongea kila asubuhi. Mlikuwa hamsikii?"

Wanangu, nilijisikia kama ile nyumba imesogea.

"Anatugongea vipi, mama?"

"Si hapo dirishani! Akimaliza chai anakaa hapo, anafungua kompyuta, anasema kabisa kwa mdomo, hodi. Anangoja. Hodi. Anangoja. Hodi. Mimi naona mambo ya uzee. Kisha anajiegemeza kwenye kiti, anacheka, anasema, Shabani yupo. Hajafungua. Anakuwa na furaha mpaka mchana."

"Tulikuwa tunasikia, mama."

"Sasa mbona hamkuitika?"

Ningemjibu nini mama mfiwa? Ningemweleza habari za sheria zinazosomwa kutoka juu, na asiyetajwa? Nikasema, "Ndivyo alivyonifundisha." Akatikisa kichwa, kama mtu anayesema hata yeye anajua hilo, ila silo aliloulizia.

Baadaye, akichochea moto, akaendelea. "Siku aliyoshindwa kuamka, alinitaka nigonge mimi. Nikamwambia baba Tekla, mimi najua kugonga mlango wa mti, huo wenu siujui. Akasema, basi uache. Leo sikugonga, Shabani atashangaa. Atapiga simu. Niwekee simu karibu." Akaonyesha kitanda. "Nikaiweka hapo kwenye mto. Kila ikilia anageuka. Wakipiga watoto anafurahi, lakini akikata anasema, bado Shabani."

Mnajua nilikuwa wapi. Nilikuwa nagawa maandazi.

Wapo watakaosema, mzee, hukukosea. Ulifuta jina kwa amri yake, ulifunga, ulinyamaza, kila kitu kama kilivyoandikwa. Nakubali. Nimelipima jambo hili miaka, kwa mizani zote, na kila mara ukuta unatoka msafi. Kama mnadhani niliposhuka mlimani nilifungua chochote, hamjanielewa, na hamjamwelewa yeye. Mlango ule haukufunguka hata kwa upana wa unywele. Sijutii kufunga. Najutia kwamba mtu alikuja barazani kwangu kila asubuhi kuniambia yu mzima, nami nikawa na uwezo wa kujua, kwa sababu hakuna mwizi wa duniani anayepiga hodi tatu na kuondoka bila kuchungulia. Ile ni hodi ya kwetu. Ningeweza kunyanyua simu nikasema, mzee, kuna mtu ananigongea, ni wewe? Angekana. Ningejua anakana. Tungecheka. Ukuta usingepungua hata tofali.

Kwa hiyo, kwenye mafunzo mtaelezwa jinsi ya kuzuia. Zuieni. Taja wenyeji, wengine wabaki nje, mlango wa mafundi usifunguliwe kwa dunia hata mkurugenzi akilia machozi. Jaribuni mkiwa barabarani. Anayeondoka, jina lake litoke siku hiyohiyo, hata akiwa baba yako. Lakini mkiitazama ile orodha ya waliokataliwa, msiwe kama mimi, kuona namba tu. Kompyuta inyamaze, ndiyo kazi yake. Ninyi si kompyuta.

Zuhura nilimsimulia yote haya siku ya kumkabidhi kiti. Sikumaliza vizuri, nikasingizia mafua. Kisha nikavuta kiti karibu naye.

"Fungua sheria. Futa anwani ya nyumbani kwangu."

"Mzee, jamani. Tuiache kidogo."

"Futa."

Akafuta, mkono wake mzito kama wangu ulivyokuwa.

Nilikaa nyumbani siku chache za kwanza nikiwafukuza kuku. Kisha asubuhi moja, chai ikiwa imeisha, mke wangu yuko uani, nilifungua kompyuta yangu, nikaelekea mlango wa ishirini na mbili. Nilijisikia mjinga. Nikasema kwa mdomo, taratibu, "Hodi." Kimya. "Hodi." Kimya. Mara ya tatu, "Hodi." Kimya, kimya kizuri, kilichofungwa barabara. Zuhura yupo, nikawaza. Nikajiegemeza kwenye kiti, na hapohapo nikafahamu kile alichokuwa anakipata Mzee Gaspari kila asubuhi, na nikafahamu pia alichokuwa anakikosa. Vyote viwili vilikuja pamoja, sikuweza kuvitenganisha.

Simu ikalia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Zuhura. Habari za huko?"

"Nzuri. Kuna mtu kagonga hapa sasa hivi. Mara tatu, kaondoka. Si wewe?"

"Mimi? Mimi niko hapa nafukuza kuku."

"Haya. Ukimwona huyo mtu, mwambie sifungui."

"Usifungue."

"Sifungui, mzee. Lakini mwambie agonge na kesho. Asipogonga, nitapiga simu mimi."

Nilitaka kumjibu kwa mzaha, na mzaha haukuja. Nikamwambia mafua yamerudi.

Tangu siku hiyo nagonga kila asubuhi, baada ya chai. Sijafunguliwa hata mara moja, alhamdulillahi. Nikilala, simu naiweka karibu na mto.